Waume Waliofukizwa Udi

Mheshimiwa mgeni wetu rasmi uliyetoka Wizarani, Ndugu Mwenyekiti wa Tawi, Daktari Muhiddin, Bi Kidawa kungwi wetu sote, kina mama mliojaa hapa uani kwa kliniki yetu mpaka kuku wamekosa pa kupita, na nyinyi kina baba mliosimama nje ya dirisha mkijifanya mnapita njia: Assalaamu alaykum. Ingieni ndani. Leo sipimi mtu.

Nimeambiwa niseme maneno mawili ya kuagana, kwa kuwa mimi, Mwanamkasi binti Pandu, mkunga wenu, nimefika umri wa kustaafu. Nusu ya mliomo humu niliwapokea mimi mlipokuja duniani, na wengine wenu mlikuja na makelele ambayo hamjayaacha mpaka leo. Kwa hiyo maneno mawili hayatanitosha, na walioandaa halua na kahawa watanivumilia.

Ndugu wageni waalikwa, anayestaafu kawaida hujisifu. Mimi nimekuja kuwasifu waume wa mtaa wetu huu wa Ng'ambo. Naona mshaanza kutazamana, kwa sababu mnajua nnakokwenda.

Mtakumbuka Daktari Muhiddin aliporudi masomoni mwaka juzi. Aliwakalisha kina mama hapa hapa uani, akawaeleza juu ya saratani ya mlango wa kizazi, ugonjwa uliotuzikia wenzetu wengi na sisi tukisema ni husda. Akasema wataalamu huko duniani wameona jambo: masista wa Kikristo, wale wasioolewa, ugonjwa huu huwapata kwa nadra. Kwa hiyo wanashuku kwamba huenda kuna kidudu kidogo mno, kinaitwa virusi, hata kwa hadubini yetu hakionekani, ambacho humhamia mke kutoka kwa mume, kikajificha miaka na miaka, kisha kikaharibu. Mama mmoja akauliza, "Daktari, yaani hicho kidudu kinatoka kwa mume?" Daktari, kijana mwaminifu asiyejua bado watu anaosema nao, akajibu, "Inawezekana."

Basi, neno moja hilo tu. Kina mama walitoka hapa moja kwa moja mpaka kwa Bi Kidawa. Na Bi Kidawa, ambaye tangu aanze kufunda wari hajapata kuulizwa jambo akasema hajui, akatoa hukumu yake. Harufu mbaya iliyojificha kwenye nguo huitoaje? Kwa udi. Basi na kilichojificha kwa mume kitatoka kwa udi.

Waheshimiwa, wiki ile hakuna mume aliyepanda kitandani kwake bila kukalishwa kwanza kwenye kigoda, kafunikwa shuka gubigubi, na chetezo kinafuka chini. Udi ukaadimika sokoni Darajani. Ulipokwisha, wakaingia kwenye makonyo ya karafuu, vile vijiti vyake, na hayo makonyo, Mheshimiwa, ambayo yote ni mali ya Serikali, sijui yalitoka wapi, na hata ningejua, leo si siku yake. Nasikia msikitini ilikuwa mtu akisujudu anadhani yuko harusini.

Tulicheka, lakini si yote yalikuwa ya kucheka. Kina mama waliona kazi ishakwisha. Mume keshafukizwa, mtu akapimwe nini tena? Kitanda changu cha kupimia kikakaa kitupu mpaka paka akaja kuzalia chini yake, na mimi nikamsaidia kuzaa ili nisisahau kazi. Na huku najua, katika hao wanaocheka mitaani, yumo mwenye ugonjwa ambao tukiuona mapema tutautibu, na tukiuona baadaye tutamshonea sanda. Nlikuwa na hasira siku zile. Bado nnazo kidogo.

Waliotuokoa ni waume wenyewe. Walikuja ujumbe mzima, wananukia kama maharusi, na kiongozi wao alikuwa Mzee Shaame, fundi saa wetu, yule pale mstari wa mbele anayetazama viatu vyake. Akasimama mbele ya Daktari akasema, "Mwanangu, mimi natengeneza saa. Saa ikisimama, simwambii mwenyewe inawezekana ni springi. Naifungua, natia kioo jichoni, naangalia. Nyinyi mna ushahidi gani juu yetu?"

Daktari akamjibu kwa adabu. Akasema, "Mzee wangu, ushahidi bado haujatosha. Damu za wagonjwa zimeonyesha dalili za virusi mmoja, ndugu wa yule anayetutoa malengelenge mdomoni tukiwa na homa, na hizo dalili ni nyingi kuliko kwa wanawake wasioumwa. Hiyo ni shaka, si hukumu. Huenda kesho wakamwachia huyo wakamkamata mwengine. Lakini udi haumfukuzi yeyote kati yao. La kufanya leo ni kuwapima wake zenu."

Mzee Shaame akajinusa kanzu. Kisha akauliza, "Kwa hiyo nimekaa kwenye moshi bure?" Daktari akasema, "Bure, mzee wangu."

Sasa tazameni uungwana. Mtu mwengine angekwenda kugombana nyumbani. Yeye alikwenda kwa Bi Kidawa akamweleza jambo lote kituo kwa kituo, na Bi Kidawa, na hapa ndipo ninapompenda, akaja mwenyewe, akapanda kitandani wa kwanza, akaniambia, "Fanya upesi Mwanamkasi, nna mwali ananingoja." Alipotoka, akatangaza kwamba udi ni wa nguo, na kipimo ni cha mtu. Kesho yake foleni ilifika barabarani.

Katika foleni ile alikuwemo Bi Mwanapili, mke wa Mzee Shaame. Ananiruhusu niseme, muoneni anavyonitikia kwa kichwa. Jibu la kipimo chake lilirudi upesi, likaonyesha ugonjwa ndio kwanza unaanza. Akatibiwa, akapona, na leo kavaa kanga mpya kuliko zangu. Hatujui ni virusi gani aliyemwanzishia, au kama ni virusi kweli. Tunajua kwamba tulimuwahi.

Mdogo wangu Sichana hatukumuwahi. Nisikilizeni hapa, kina mama, maana hapa sina mzaha. Nilimpima kwa mikono yangu hii. Nikapaka utelezi wa mlango wake wa kizazi kwenye kipande cha kioo, nikakifunga vizuri, kikapanda meli kwenda Dar es Salaam, kwa sababu katika kliniki yetu hatuna mtu aliyefundishwa kuvisoma vioo vile. Nikangoja. Jibu lilinifikia tumekaa matanga. Sina wa kumlaumu, huko nako vioo vimejaa mezani. Lakini tangu siku ile najiuliza: vioo vya wake wa Unguja vitapanda meli mpaka lini?

Sasa amepatikana wa kwenda kujifunza. Nafasi ni moja, na meli ni Jumamosi. Daktari alimkalisha kila muuguzi wetu mbele ya hadubini, na aliyeona upesi kuliko wote alikuwa Tabia binti Shaame. Wengine tuliona madoa. Yeye alisema, "Hii imekaa sawa, hii haikukaa sawa." Tukamuuliza kajifunza wapi. Akasema tangu mdogo alikuwa akikaa dukani kwa baba yake, baba anamtilia kioo jichoni, anamuuliza gurudumu lipi limechoka.

Mzee Shaame, shikamoo. Nakusalimu hivyo mbele za watu ingawa umri tuko sawa, kwa sababu leo nnakuomba. Umesema binti yako hawezi kwenda ng'ambo ya bahari kusomea mambo ya ndani ya wanawake wenzake. Nakuelewa. Mimi baba yangu alisema hayo hayo, kisha wajukuu zake wote nikampokelea mimi. Lakini nani asomee? Wewe? Mimi nastaafu, macho yangu hayawezi hata kutia uzi kwenye sindano. Jicho analotaka Daktari umelifundisha wewe, dukani kwako, bure. Sikulazimishi. Nakuuliza tu, mbele ya mkeo na mbele ya hawa wote, na mimi nanyamaza nikusikilize.

Naam, Mzee wangu? Sema kwa sauti, walioko dirishani hawakusikia.

Anauliza huko Dar es Salaam atafikia kwa nani.

Atafikia kwa binti yangu Mwanakheir, Mzee Shaame. Ana nyumba Ilala, ana watoto wadogo na mume mpole, na atampokea bandarini mwenyewe. Chumba keshakitayarisha tangu mwezi uliopita, kwa sababu mimi nlimwambia baba yake Tabia ni mtu wa kuangalia jambo mpaka ndani.

Haya, kesharidhia, mmemuona. Bi Mwanapili, futa machozi, kamfungie mwanao mizigo. Tabia, njoo umshike baba yako mkono.

Mheshimiwa, nilikuwa na shukrani nyingine za kusoma, lakini kahawa inapoa. Kwa masikio yenu, ahsanteni. Nakaa.