Laini Ina Mtu

MWANATATU: Haloo! Nani wewe, unapiga saa watu wamejinyoosha?

BAKARI: Shikamoo, Bi Mwanatatu. Ni mimi Bakari, fundi wa kompyuta. Niko Junda, dukani kwa mwanao Rashid.

MWANATATU: Marahaba, mwanangu. Hujambo? Jino limepona?

BAKARI: Limepo— nani kakwambia nna jino?

MWANATATU: Kila mtu ana meno, Bakari. Sema.

BAKARI: Ile njia ya faragha haishiki, bibi. Wiki nzima sasa. Rashid hajui huko Likoni mmekodisha viti vingapi, wala sufuria zipi zimebaki. Jana amewaahidi watu wa harusi mbili sufuria ileile ya pilau.

MWANATATU: Si wapike kwa zamu.

BAKARI: Amekasirika. Asema nisipoifufua leo, mimi niende zangu, na kesho yuaja na pikapu aibebe seva aihamishie huku.

MWANATATU: Aibebe. Dude hilo lanichosha. Lavuma usiku kucha kama lina pumu.

BAKARI: Na simu pia. Laini yenyewe ataomba ihamishwe.

[Laini inakwaruza.]

MWANATATU: Na simu?

BAKARI: Na simu.

MWANATATU: Basi nifundishe, mwanangu. Nishavaa miwani.

BAKARI: Tazama kile kisanduku kando ya seva. Modemu. Taa ngapi zinawaka?

MWANATATU: Sioni taa.

BAKARI: Hata moja?

MWANATATU: Naona maua.

BAKARI: Maua?

MWANATATU: Nimekivika kitambaa cha kufuma. Kitu cha macho mekundu sebuleni, mgeni aje akione, aseme tunafuga nini?

BAKARI: Kivue, bibi. Kinapata joto.

MWANATATU: [kwa mbali] Bismillahi... Haya. Kiko uchi. Taa mbili.

BAKARI: Vizuri, kizima. Neno la siri nimelijaribu, nalo ni sahihi. Kwa hivyo tatizo ni—

MWANATATU: Ngoja kwanza. Hiyo njia ya faragha, Rashid alinieleza nikasinzia. Ni nini hasa?

BAKARI: Ni hivi. Ikifika magharibi seva yako inapiga simu mjini, inaingia kwenye intaneti. Na hii ya Rashid nayo inapiga. Zikishaingia zote mbili, zinajichimbia njia yao. Zinasemezana humo, na aliye nje hasikii neno.

MWANATATU: Wawili tu.

BAKARI: Wawili tu.

MWANATATU: Katikati ya watu, na hapana ajuaye.

BAKARI: Haswa.

MWANATATU: Na ni halali?

BAKARI: Halali kabisa, bibi.

MWANATATU: Nauliza tu.

BAKARI: Sasa tazama kioo. Kuna maneno?

MWANATATU: Yako. Yamepandana mstari juu ya mstari, na yote ni yaleyale. B, U, S, Y.

BAKARI: Bizi. Laini ina mtu.

MWANATATU: Jana bizi. Juzi bizi. Jumatano bizi. Masikini, kisanduku hiki kina subira.

BAKARI: Bibi, kila magharibi modemu ikitaka kupiga inakuta laini ina mtu, mpaka isha. Nani huwa kwenye simu?

MWANATATU: Mimi magharibi niko kwenye mswala.

BAKARI: Na baada ya mswala?

MWANATATU: Simu hii Rashid ameitia kufuli, Bakari. Kile kidude cha kuzungusha namba kimefungwa, ufunguo umo mfukoni mwake. Nitampigia nani?

BAKARI: Kweli. Basi huenda nyaya zimeshikana, tangu zile mvua za El Nino... Hapana, nyaya haziwezi kuharibika magharibi tu. Kuna wageni wanaoingia humo sebuleni?

MWANATATU: Panya.

BAKARI: Panya hapigi simu.

MWANATATU: Wewe umewajua panya wa huku? Huu ni mtaa wa Shika Adabu.

BAKARI: [anacheka kidogo] Unajua, bibi, na mimi nyumbani simu ya babangu nimeitia kufuli. Bili ilikuwa inakuja kama mahari. Na bado nikimpigia jioni haishikiki. Nikifika nasikia chumbani tik, tik, tik, tik. Namuuliza, baba, wagonga nini? Asema aua mbu.

MWANATATU: Mbu wa Shanzu ni wengi.

[Laini inakwaruza.]

BAKARI: Bi Mwanatatu.

MWANATATU: Abee.

BAKARI: Nimekwambia babangu anakaa Shanzu?

MWANATATU: Haloo? Haloo, mbona simu hii yaingia maji—

BAKARI: Nakusikia vizuri sana.

MWANATATU: Ah.

BAKARI: Mnagonga pale pa kuwekea mkono wa simu. Tano, wagonga mara tano. Tatu, mara tatu. Kufuli linaning'inia tu, na namba zaenda.

MWANATATU: Sifuri ndiyo kazi. Mara kumi. Na namba yenu ina sifuri mbili, babako angetafuta nyengine.

BAKARI: Na jino langu—

MWANATATU: Alikesha nalo. Akasema wewe ukiumwa na jino walia kama ungali mtoto wa chuo cha Kurani. Na pweza huli.

BAKARI: Nimeaibika, bibi.

MWANATATU: Mimi je? Nimevuliwa kitambaa na kisanduku changu.

BAKARI: Ilianzaje?

MWANATATU: Si wewe? Ulipokuja kufunga mashini hii ulikuja naye, akubebee nyaya. Ukaingia mvunguni na tochi, sisi tukabaki na kahawa. Ulikawia sana humo mvunguni, Bakari. Allah akulipe.

BAKARI: Tangu mama afariki hakuwa akiimba. Siku hizi akinyoa ndevu aimba.

MWANATATU: Nimemkataza. Hana sauti.

BAKARI: Hana, wallahi.

MWANATATU: Sikiza, mwanangu. Posa itapita kwa kaka yangu, mlango wa mbele, baada ya maulidi. Rashid ataambiwa siku hiyo, akiwa amekaa na ameshiba. Lakini pikapu ikija kesho, mimi na babako tutasemezana wapi? Kwenye feri?

BAKARI: Na mimi nitakosa kazi.

MWANATATU: Basi sote wawili tumo mvunguni. Toa tochi.

BAKARI: Ngoja... Saa ya kukutana mashini naibadili. Ziwe zikikutana baada ya alfajiri. Laini itakuwa haina mtu?

MWANATATU: Alfajiri babako hukoroma.

BAKARI: Najua. Seva yenu naweza kuipigia na kuiwekea saa kutoka hapa, ila ukikata simu usiiguse dakika kumi. Mashini zikutane mara moja, Rashid aone sufuria zake, moyo wake upoe. Atauliza kwa nini si jioni tena.

MWANATATU: Mwambie jioni njia ina msongamano.

BAKARI: Si uongo.

MWANATATU: Mimi sisemi uongo. Na kile kitambaa nikirudishe?

BAKARI: Acha kikae uchi mpaka maulidi.

MWANATATU: Lo! Mtoto kafanana na babake.

BAKARI: Bibi, Rashid huyo, atoka msikitini, yuaingia. Nakata. Shikamoo... mama.

MWANATATU: Marahaba, mwanangu. Taratibu, usinitangulize.

BAKARI: Ananiuliza kwa ishara. Haraka, nimwambie nini?

MWANATATU: Mwambie njia ya faragha imeshika. Usimwambie ipi.