Mashine Inayosema Sijui

Ndugu zangu, salamu mmepokea za kutosha asubuhi hii, kwa hivyo mniruhusu nianze moja kwa moja. Karibu mwaka mzima nililala vibaya kwa sababu ya swali moja: watu wakigundua kwamba sijui, itakuwaje?

Wengi wenu mnanijua. Nilimaliza chuo Kitui, nikarudi hapa Kasikeu na cheti ndani ya bahasha. Kikundi chetu cha maji kikaniomba kitu kimoja. Tangi liko juu ya kilima, nanyi mnatoka mbali na punda, mnafika mnakuta limekauka. Mlitaka simu iwaambie kabla hamjafunga mitungi. Nikasema inawezekana.

Niwaeleze kidogo. Unaweka redio ndogo kwenye tangi na nyingine kule sokoni ya kuwatumia ujumbe kwenye simu, zinaongea bila waya. Lakini redio peke yake ni bubu. Inahitaji programu zilizopangwa moja juu ya nyingine: ya chini inarusha mawimbi, inayofuata inahakikisha anayeongea anajulikana, ya juu inabeba ujumbe. Kuna watu wameziandika na kuziacha wazi, yeyote azichukue. Ningeweza kuchukua iliyo tayari. Mimi nikataka kuijenga mwenyewe kutoka kwenye msimbo wake, yale maagizo yaliyoandikwa mstari kwa mstari, ili mtu akiniuliza swali nisikose jibu. Hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Nikajenga. Kompyuta ikapata moto kama pasi, mwisho ikasema imemaliza, hakuna kosa. Nikapakia kwenye redio zote mbili. Kimya. Nikabadilisha kitu, nikajenga tena. Kimya. Ikawa hivyo wiki baada ya wiki, nikibadilisha vitu vitano kwa mara moja, hadi sikujua tena nimegusa nini.

Na siku ya kuanza ilikuwa imeshatangazwa, hapa hapa kanisani. Basi nikaanza kupanda kilima kila alfajiri. Nachungulia tangi, nashuka, nawatumia ujumbe: "Tangi: robo tatu." Mlisifu mashine.

Jirani mmoja, mama wa rika la mamangu, alinikuta njiani. "Wewe kila asubuhi kilimani. Ni maombi ama kuna kijana huko?"

"Ni maombi, mwaitu," nikamjibu. Mungu anisamehe na hilo pia.

Miguu ilichoka, lakini kilichochoka zaidi ni kichwa. Halafu asubuhi moja niliamka na homa. Jana yake tangi lilikuwa robo tatu, kwa hivyo nikapiga hesabu chini ya blanketi, nikatuma: nusu. Kumbe bomba lilikuwa limepasuka na tangi limemwagika lote.

Nyanya mmoja alikuja kilimani na punda na mitungi minne. Akangoja hadi saa sita mchana. Nilipofika nikijikokota, sikumkuta na hasira. Alikuwa ameshika simu, anaitazama kwa karibu. "Mwanangu, hebu nisomee. Nadhani mimi ndiye sikuelewa kusoma."

Nawaambia, afadhali angenitukana.

Kwenye mkutano uliofuata wa kikundi nikasimama. Nikasema ile mashine haijawahi kuongea hata siku moja. Ni mimi.

Mwenyekiti akaitazama simu yake. "Kwa hivyo muda huu wote tumekuwa tukisoma miguu yako?"

Watu wakacheka. Mimi nikalia. Akauliza kwa nini sikusema ili wapande kwa zamu. Nikamwambia niliogopa mtasema masomo yangu yalikuwa bure.

"Tungesema," akajibu. "Halafu tungepanda."

Wakagawana siku hapo hapo. Nikapata nafasi ya kupumua, na siku hiyo nikatuma swali nililokuwa nimeliandika na kulifuta kwa miezi. Nililituma mtandaoni, pale watumiaji wa programu hiyo huulizana. Mtu nisiyemjua akanijibu kesho yake, kwa maneno machache: ulifuta kumbukumbu ya zamani kabla ya kupakia programu mpya? Redio hukumbuka mtandao wa kwanza iliopangiwa. Kila moja ilikuwa ikiutafuta mtandao ambao haupo tena. Mchungaji, naona umeshapata mahubiri hapo; nakuachia. Mimi nilifuta, nikapakia, na kabla sijashuka kilimani redio ya sokoni ilikuwa imesikia.

Nikaongeza kitu kimoja. Redio ya tangi ikinyamaza saa nzima, simu zenu zinapata: "Sijui. Mtu aende aangalie." Mzee mmoja wa kamati alilalamika, mashine ya kusema sijui ni ya nini. Nikamwambia ndiyo sehemu pekee ninayoiamini kabisa.

Nawashukuru mliopanda kwa zamu mkiwa na mashamba yenu ya kulima. Namshukuru yule mgeni nisiyejua hata uso wake. Nyanya, uko hapo, sitakutaja. Nakushukuru kwa kuniomba nikusomee. Kama kuna kijana hapa anayebeba jambo peke yake, nina somo moja tu: kusema sijui hakuchoshi kama kile kilima.

Alhamisi iliyopita, asubuhi, ujumbe ule ulikuja. Sijui. Namba ilikuwa tayari kichwani mwangu: jana robo tatu, kwa hivyo leo nusu. Ningeweza kuituma nikiwa kitandani, na pengine ingekuwa kweli. Niliuacha ujumbe ulivyo, nikavaa viatu.