Madam Masizi Anaweka Chaki Chini

Ifikapo tarehe thelathini Novemba mwaka huu, Mwalimu Lornah Obuya atakuwa amefundisha kwa miaka thelathini na minne, mingi yake hapa kwetu Riruta. Siku hiyo anastaafu. Chumbani mwa walimu tayari tunakigombania kiti chake cha dirishani, lakini kwanza tumseme kwa mema akiwapo, asikie mwenyewe.

Mwalimu Lornah alizaliwa Ugenya, akaanza kazi Busia, kisha akahamia Nairobi na mumewe, Mzee Dalmas. Tangu hapo amekuwa nguzo ya idara ya Kiingereza na fasihi. Ameipeleka timu yetu ya maigizo hadi mashindano ya kitaifa. Aliwahi pia kukabidhiwa netiboli, akaishangilia timu ya wageni kwa nusu mechi nzima kwa sababu jezi zao zilimvutia. Netiboli hakupewa tena.

Lakini wengi watamkumbuka kwa riwaya moja ya kale ya Waingereza, inayosimulia maisha ya maskini wa London enzi za Malkia Viktoria. Aliamini mwanafunzi hawezi kuililia hadithi ambayo maneno yake hayaelewi, kwa hiyo kila sura ilianza na msamiati uliofafanuliwa kwa Kiswahili. Alipokwama, alikuja kwenye meza yangu ya Kiswahili.

"Debra, nipe neno la mtu aliyekosa kabisa. Si maskini tu. Yule asiye na mbele wala nyuma."

"Hohehahe," nikamwambia.

Akalitamka polepole, akakunja uso. "Mbona linasikika kama watu wanamcheka?"

Miaka kumi na michache iliyopita, kidato cha pili walifika kwenye sura ya watoto waliotumwa kusafisha dohani, lile bomba la moshi ambalo Waingereza huliita "chimney". Vijana wakachanganyikiwa. Nyumbani kwao, chimni ni kile kioo cha taa ya mafuta. Mmoja akainua mkono: "Madam, sasa huyo mtoto aliingiaje ndani ya taa?"

Mwalimu Lornah akaenda kwa mwalimu mkuu wa wakati huo, Bwana Mungai, kuomba ruhusa ya kulipeleka darasa Woodley. Rafiki yake wa kanisani, Mama Becky, alikaa huko katika nyumba ya zamani yenye meko ya ukutani na dohani juu ya paa.

"Kwani dohani haichoreki ubaoni?" akauliza Bwana Mungai.

"Inachoreka. Lakini nikiichora mimi, watafikiri ni twiga."

Wakaenda. Ulikuwa mwezi wa Julai, baridi kali, na asubuhi hiyo Mama Becky alikuwa amemwita fundi wa kuisafisha dohani. Mwalimu Lornah alifurahi kwa bahati hiyo. Wanafunzi wakajazana sebuleni. Miguu ikatokea kwanza, kisha mwanamume mzima akachomoza kutoka mekoni, mweusi kwa masizi kuanzia nywele hadi viatu. Akapangusa macho, akatabasamu.

"Jamleck! Kumbe hili ndilo darasa lenu?"

Alikuwa Bwana Ngui, baba wa mwanafunzi wetu mmoja. Shuleni Jamleck alikuwa amesema tu kwamba baba yake ni fundi. Sasa kijana akatazama chini. Nyuma yake mtu akacheka, kisha wawili, kisha darasa zima. Kabla hawajarudi shuleni, Jamleck alikuwa ameshapewa jina: Masizi.

Wiki iliyofuata hakuonekana. Mwalimu Lornah aliwakanya wanafunzi wenzake Jamleck, wakanyamaza mbele yake na kuendelea nyuma yake. Hakuwa na raha. Safari ile ilikuwa wazo lake, na somo alilokusudia lifungue macho ndilo lililomfukuza mtoto darasani.

Akaenda kwao Jamleck, ploti moja ya nyumba za kupanga nyuma ya Barabara ya Naivasha. Bwana Ngui alimpokea kwa chai. Jamleck alikuwa nyuma ya pazia, akisikiliza.

"Mwalimu, najua amekataa shule kwa sababu yangu," akasema Bwana Ngui. "Ningejua mnakuja siku ile, ningeiahirisha ile kazi."

Mwalimu Lornah ameniambia kwamba katika miaka yake yote ya kazi, hakuna maneno yaliyomchoma kama hayo.

"Usiahirishe kazi yako kwa ajili ya mtu yeyote, Baba Jamleck. Jumamosi uko wapi?"

"Nitakuwa huko huko Woodley. Kuna nyumba nyingine."

"Unahitaji mtu wa mkono?"

Bwana Ngui akacheka, akidhani ni mzaha. Jumamosi asubuhi akamkuta langoni, amevaa ovaroli ya Mzee Dalmas iliyokunjwa miguuni, na kitambaa kichwani. Alishika magunia, akazoa majivu, akapanda ngazi hadi pale moyo ulipomkatalia. Mchana Jamleck naye akafika. Alisema amekuja kuona kama ni kweli. Hakuna aliyemuuliza zaidi. Baba yake akampa brashi, na wakamaliza kazi wakiwa watatu.

Jumatatu Mwalimu Lornah aliingia darasani kucha zake zikiwa bado nyeusi. Jamleck alikuwa amekaa nyuma kabisa. Mwalimu akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: MASIZI.

"Kuanzia leo hili ni jina langu," akasema. "Mimi nimelifanyia kazi siku nzima, na mgongo bado unaniuma. Nyinyi mnataka kuligawa bure. Atakayemwita mwingine jina hili ameniibia, na tutaonana."

Kicheko kikatoka nyuma, na aliyecheka wa kwanza alikuwa Jamleck. "Madam, waambie vile ulipiga nduru ukiwa kwa ngazi!" Akawaambia, bila kujionea huruma. Darasa likaangua kicheko, safari hii pamoja na yule kijana. Tangu siku hiyo yeye ni Madam Masizi. Bwana Mungai mwenyewe aliteleza ulimi siku ya wazazi akamkaribisha jukwaani kwa jina hilo.

Riwaya waliimaliza. Jamleck alimaliza kidato cha nne, na siku ya kuaga alimtembeza baba yake darasa kwa darasa akimtambulisha kwa kila mwalimu, hata kwa sisi ambao hatukuwahi kumfundisha. Leo ni muuguzi Machakos.

Mwalimu Lornah anakwenda kupumzika nyumbani kwake Mountain View. Amejiandikisha kujifunza kuogelea, jambo ambalo amelikwepa maisha yake yote, na Mzee Dalmas ameapa kwamba atakaa kando akimshikia taulo tu.

Madam, asante kwa kila mtoto uliyemfuata hadi kwao. Jumatatu ile ya kwanza ya Januari, sisi tukiwa gwaridani tunatetemeka kwa baridi ya asubuhi, wewe vuta blanketi, geukia ukutani, ulale tena. Mungu akupe afya, vicheko, na asubuhi nyingi zisizo na kengele.

Debra Nzula, kwa niaba ya walimu wenzako