Mkeka Mtupu Mbele ya Ofisi ya Wilaya

Kibanda changu cha chai kinatazamana na lango la ofisi ya wilaya, na katikati lipo turubai la wagomaji. Tangu wodi ya wazazi ifungwe hapa mjini, watu wanafunga kwa zamu: mmoja hali kutwa, asubuhi anamvisha mwenzake shada la maua na kumwachia mkeka. Lango likifunguliwa asubuhi na mkeka ni mtupu, askari wanang'oa turubai na mgomo umekwisha. Leo alfajiri Dada Shevanta, aliyeshika zamu yake na za watu watatu waliotoroka, alilitundika shada kwenye mti wa turubai, akasema anakwenda kulala. Basi benchi langu likapata kazi.

Benchi lenyewe ni la wateja wale wale wa kila siku. Kuna Dhondiba, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki. Kuna Mheshimiwa, aliyeshindwa udiwani mara mbili. Na kuna kijana Kamanda, anayejipiga picha turubaini akiwa amekunja ngumi, kisha anakuja kwangu kunywa chai.

— Kulala? Redio akaanza, mdomo umejaa bhajia. Mapambano yana kulala?

— Amechoka, nikasema.

— Sote tumechoka, Bhau, kaka yangu. Mimi nimechoka tangu mwaka jana.

Mheshimiwa akasema mama huyo kanunuliwa, na kwamba kuna mtu kaona friji mpya ikiingizwa kwake. Kamanda akapinga: hakununuliwa, ila alikuwa akila kwa siri muda wote, maana mwenye njaa hawezi kuimba nyimbo za mgomo kwa sauti ile. Redio hakutaka kupitwa. Akasema wizara ya afya inanyunyizia maua dawa ya usingizi, ndiyo maana kila anayevaa shada anaishia kusinzia.

— Wanayapulizia huko huko Delhi, Mheshimiwa akathibitisha, kama mtu aliyeshika pampu mwenyewe.

Nilimuuliza Kamanda zamu yake ilikuwa lini. Ilikuwa jana, akasema, ila yeye ni mtu wa mikakati, na akifunga kichwa hakifanyi kazi. Mheshimiwa ana kisukari, ingawa kwangu hutaka vijiko vitatu. Redio mshikamano wake uko moyoni. Nilitamani kuwamwagia maji ya kuoshea vikombe.

Ndipo akaja Mukta, binti wa Shevanta, mkono kiunoni, mimba ya miezi minane. Ameolewa mbali, ila kwa desturi yetu uzazi wa kwanza hufanyika nyumbani kwa mama, na wodi iliyobaki iko ng'ambo ya mlima. Jirani yao alijifungulia njiani, ndani ya lori la vitunguu, na mtoto hakuishi.

— Shikamooni, wajomba. Mama bado amelala, na sitaki kumwamsha. Nauliza tu: nani hapa hajala tangu alfajiri?

Redio akameza. Kamanda akapangusa vidole chini ya benchi. Mheshimiwa akalitazama lango kana kwamba jibu litatokea huko. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kuonja kila nilichokaanga, na niliona aibu.

Mukta aliwapita, akauendea mti wa turubai. Kisha akalitungua shada, akajivisha, akaushika mti na kujishusha polepole mkekani. Nilimfuata, nikamwambia mtu katika hali yake hafungi.

— Najua, mjomba. Basi afunge nani?

Nilirudi kwenye jiko langu. Askari akafungua lango, akamwona mkekani, akamwangalia tumbo, akaenda zake.

— Ukoo ule unapenda sana kuonekana, Mheshimiwa akasema. Bhau, niongeze nusu kikombe.

Nikamwambia chai imekwisha. Sufuria ilikuwa imejaa, na wote watatu walikuwa wanaiona.