Hakuandika Ndege Ambaye Hakumwona

Marehemu dada yetu mkubwa alikuwa na sharti moja kazini: ndege hakuingia kwenye daftari lake mpaka yeye mwenyewe aone umbo lake, rangi zake na mahali alipokaa. Sauti peke yake hakuikubali.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1952, mtoto wa kwanza wa seremala na mkunga. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1970, na Januari 1973 akaajiriwa kuwa karani wa kumbukumbu katika idara ya ndege ya makumbusho. Meza yake ilikuwa dirishani, na juu yake darubini na penseli mbili zilizochongwa vizuri. Vijana waliomwendea wakijiona wanajua kila kitu aliwarudisha nje wakatazame tena.

Mwaka 1978 aliolewa na fundi cherehani. Shemeji anasimulia kwamba alipompigia mluzi mara ya kwanza, dada alitoka nje, akamtazama juu mpaka chini, akasema, "Nilitaka kuona ni nani kwanza, ndipo nikasirike."

Mwaka 1984 mkuu wa idara alitangaza kwamba ndege adimu wa misitu ya milimani amepatikana katika bonde lililo jirani na mji. Orodha mpya ya ndege wa bonde hilo ikabaki kutiwa sahihi na karani, yaani dada.

"Mama, wataalamu watatu wamemsikia. Wewe ni nani?" mkuu akamuuliza.

"Mimi ndiye ambaye sijamwona, mzee."

Alikwenda bondeni asubuhi tatu mfululizo. Ndege adimu yule hukaa juu ya miti mirefu, na bondeni palikuwa na vichaka tu. Siku ya tatu akamwona mwenye sauti ile, chini kabisa kichakani, kando ya maji: kifua cha rangi ya chungwa, nyusi nyeupe. Alikuwa kurumbiza, ndege wetu wa siku zote, hodari wa kuiga sauti za wenzake. Dada akaandika "kurumbiza", akatia sahihi. Mkuu hakumsamehe. Orodha ile inatumika mpaka leo, na sisi tunajivuna nayo.

Maradhi ya moyo yalimwanza mwaka 2019. Alifariki hospitalini asubuhi ya tarehe 2 Juni 2023, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu na sisi wadogo zake wanne. Tunamwombea pumziko tulivu, maana kazi yake aliimaliza kwa haki. Alistaafu mwaka 2007 akiwa karani vilevile alivyoingia. Miaka thelathini na minne hakupandishwa cheo hata mara moja.