Munyu wa Maharagwe Yake

Jumatano moja ya mwezi wa tatu, mwaka jana, nilimpoteza mke wangu. Jana yake alikuwa amechagua mbegu za maharagwe. Zilibaki jikoni kwenye ungo.

Wapendwa, mimi si msemaji, na shule niliishia darasa la saba. Lakini kila mmoja aliyekaa hapa amezika mtu, kwa hiyo nitasema yote, hata ya aibu.

Kwetu miwa ilikuwa yangu. Kile kishamba cha nyuma ya jikoni, mahindi na maharagwe katikati, kilikuwa chake. Nilizoea kusikia jembe lake kabla sijafungua macho. Hadi leo kuna asubuhi naamka nikisikiliza.

Msimu ule sikupanda. Magugu yalifika dirishani. Nikaanza kushinda kwenye pombe ya busaa, na wasichana wangu wawili wakila ugali kwa chumvi. Siku moja mama mkwe akaja kutoka Matete. Hakuingia ndani, mnajua heshima ya mkwe ilivyo. Alisimama uani akitazama upande wa miwa, akasema, "Baba, hawa nawapeleka kwangu. Siku moto utawaka hapa na chakula kiive, uniambie."

Nguo zao zilienda kwenye gunia.

Jikoni ilibaki chupa moja ya munyu wake, ile chumvi ya maji yaliyochujwa kwenye majivu ya maganda ya maharagwe, tunayopikia mboga ya mrenda. Hapa mtanicheka. Chekeni tu. Nilikuwa nafungua kizibo nanusa. Nikipika, natia matone matatu, nafunga haraka. Ulipokwisha nilisuuza chupa, nikapikia yale maji ya kusuuzia. Nikanunua mwingine sokoni Malava. Ulikuwa mzuri, lakini ulikuwa wa mtu mwingine. Siku hiyo nilikaa kwenye kigoda chake nikalia kuliko nilivyolia kaburini.

Ndugu zangu, ndipo nikaelewa kwamba wake ulitoka kwenye maharagwe yake, na shambani hakukuwa na maharagwe. Asubuhi yake nilichukua panga nikafyeka. Zile mbegu za kwenye ungo, wadudu walikuwa wamekula nusu. Nikachagua nzima moja moja, nikazipanda kwa mvua ya mwezi wa nane. Sitawadanganya, busaa haikuniacha mara moja. Mwezi wa kumi nilianguka tena siku mbili. Lakini niliporudi maharagwe yalikuwa yametoa maua, na nikaona haya mbele ya maua.

Tulipopura, nilichoma maganda nje, nikayaacha majivu hapo hapo. Kesho yake nikachuja. Maji yakatoka meupe, hayana ladha yoyote. Nikampigia mama mkwe. Kwa simu hatuonani, aibu ikapungua.

"Mama, munyu umekataa."

"Majivu yalilala wapi?"

"Nje."

"Na mvua?"

"Kidogo tu."

Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mazishi. "Basi baba, mvua imeushusha ardhini, munyu wako wanakula fuko. Una maganda mengine? Choma, majivu yakipoa uyaingize ndani. Tandika nyasi ndani ya ile sufuria yenye matundu, utie majivu juu. Na usimwage maji kama unaosha trekta! Mimina kama unamwogesha mtoto kichwa."

Nikamimina hivyo. Yakadondoka mekundu kama chai ya rangi.

Nikapeleka chupa Matete. Mimi nilikaa nje chini ya paa, yeye jikoni, mlango katikati yetu. Nikasikia chungu, nikasikia mwiko, kisha nikamsikia akionja.

"Ni mkali," akasema akiwa ndani. "Utapunguza."

"Ndiyo, mama."

Akafunika chungu. Halafu: "Wasichana, kusanyeni nguo."

Namshukuru mama huyo, ingawa hayupo hapa. Nawashukuru nyinyi mliokuja kupura nami maharagwe bila kuniuliza nilikuwa wapi miezi yote ile. Ninalojua ni dogo. Yule uliyemzika alikuwa na kazi za mikono yake. Shika mojawapo, uifanye, hata ukikosea. Mimi nilidhani ingemrudisha. Haikumrudisha. Lakini moto uliwaka.

Jana nilipika mrenda. Tulikaa watatu, kigoda chake tukakiacha. Yule mdogo akachovya tonge, akaonja, akanitazama.

"Baba, si kama wa mama."

Nikamwambia, "Si kama wa mama."

Akamega ugali mwingine, akachovya tena.