Mzee Werema Anauacha Usukani wa Lango Jeusi

Tarehe 29 Agosti 1997, Mzee Barnabas Werema anastaafu baada ya miaka ishirini na mitatu ya kupeleka mahindi ya msaada kutoka ghala letu la Ndhiwa hadi Turkana. Niliambiwa niandike maneno haya ya kumuaga kwa furaha. Nitajaribu, lakini Jumatatu lori lake nalichukua mimi Jared, msaidizi wake, na njia yake inapita Lango Jeusi.

Wengi wenu hapa ofisini Homa Bay hamjaliona Lango Jeusi. Ni ufa mwembamba kati ya milima miwili ya mawe meusi, katikati ya jangwa. Barabara hakuna, tunapita juu ya mchanga wa mto uliokauka. Lori likishaingia haligeuki. Mvua hunyesha milimani, mbali kabisa, wewe huku unachomwa na jua, kumbe maji yanakuja. Nimeona lori la watu likibingirishwa kama debe tupu.

Kwa hiyo Mzee alisimama mlangoni pa ufa huo kila safari. Anazima injini, anavua viatu, anakanyaga mchanga kusikia kama una ubaridi wa maji, anatega sikio. Mara moja alitulaza hapo siku mbili jua likiwaka, tukanung'unika wee! Alitupikia ugali kwa omena, na wachungaji wa pale wakacheka kuona watu wazima wakila vitoto vya samaki. Maji hayakuja. Tulimtania mpaka kwake Isebania, na mama Robi, mkewe, akatuunga mkono.

Mnauliza kwa nini anaondoka miaka miwili kabla ya wakati wake, na afya anayo. Ameniruhusu niseme. Mwezi wa Juni tulipita Langoni akipiga mluzi, bila kusimama. Hakuna kilichotokea. Upande wa pili aliegesha lori, akazima injini, akaniambia amepita bila hata kukumbuka kwamba pale panaua. Amezoea, alisema, na mtu aliyezoea asibebe watoto wa watu kama sisi wasaidizi.

Jana nilimwendea nikamwambia ukweli: naogopa, silali, na mwaka huu wanasema mvua itakuwa kali. Nilitarajia anitie moyo. Mzee alicheka mpaka akashika ukuta, akanipa ufunguo palepale.

Asante sana, Mzee wetu. Keti na mama Robi, kunywa chai yako bila haraka, na mvua ikinyesha ulale usingizi mzito. Mimi niombeeni nisizoee.